Paul Anderson: Jitu la Maziwa Lililoshinda Dhahabu Kwa Kuwa Jepesi

Ingia gym yoyote ya mabati kuanzia Entarara hadi Kitengela mjini, hutakosa msee mmoja anayekula chapo nane akisema anajaza mwili. Kwake, kila kilo inayoongezeka kwa mizani ni msuli. Na hiyo imani huku Kajiado si ya jana. Morani wakitaka nguvu huenda orpul, wanakaa porini siku kadhaa wakishusha nyama na supu ya mizizi.

Sasa swali ni, kunona kunaleta nguvu kweli? Kuna jamaa aliishi hilo swali maisha yake yote.

Paul Anderson alizaliwa 17 Oktoba 1932 huko Toccoa, mji mdogo wa Georgia, Marekani. Akiwa mtoto, ugonjwa wa figo ulimlaza kitandani. Alipopona akakua kijana mfupi mpana, futi 5 na inchi 9 tu. Alikuwa moto kwa mpira wa Kimarekani hadi akapata skolashipu ya Furman University, lakini hakukaa. Aliacha chuo, akarudi kwao.

Mwaka wa 1952 akaanza kuinua chuma siriasi. Vifaa vya maana hakuwa navyo, so alitumia magurudumu ya magari na mapipa yaliyojazwa zege. Kwa hivyo kama mtaani kwenu mnainua mikebe ya simiti, relax, hamko peke yenu. Ujanja wake ulikuwa huu: alichimba shimo, akasimama ndani, akainua kwa mabega chuma ambacho hangeweza kuchuchumaa nacho kawaida. Kila baada ya muda anarudisha mchanga kidogo kwa shimo. Shimo likipungua, yeye analazimika kushuka chini zaidi kukifikia kile chuma. Polepole, mwili ukazoea.

Na alikula, maze. Maziwa alikunywa lita kwa lita. Mwili ukafura hadi ukapita kilo 150.

Juni 1955, wakati Marekani na Urusi hazikuwa zinasalimiana, akapelekwa Moscow. Watu walijaa uwanjani kwa mvua wakimwona kama kibonge tu. Akainua kilo 182.5 juu ya kichwa. Warusi wakaduwaa, kisha wakampigia makofi. Miezi michache baadaye akawa bingwa wa dunia kule Munich, jumla ya kilo 512.5, rekodi mpya.

Hapo ungedhani stori imeisha: kula, nona, shinda. Lakini ngoja Melbourne, Olimpiki ya Novemba 1956.

Anderson alifika akiugua. Homa ilimpanda karibu nyuzi 40 na kilo zikamtoka kwa fujo. Mpinzani wake, Humberto Selvetti wa Argentina, alikuwa mbele kwa kilo 7.5 baada ya mitindo miwili kati ya mitatu. Anderson akaomba kilo 187.5. Jaribio la kwanza, wapi. La pili, wapi. La tatu likapanda.

Wote wawili wakawa na kilo 500. Sheria ya wakati huo ilisema mkifungana, mwepesi ndiye anachukua. Selvetti alikuwa na kilo 143, Anderson 137 na ushee. Jamaa aliyejulikana dunia nzima kwa unono akabeba dhahabu kwa sababu alikuwa mwembamba kuliko mwenzake!

Baadaye alianza kulipwa kwa kuonyesha nguvu zake, na hiyo ikamfungia mlango wa Olimpiki. Mwaka wa 1961, yeye na mkewe Glenda walifungua makao ya vijana waliokosana na sheria, huko Vidalia, Georgia. Zile figo zilizomsumbua utotoni zikarudi kumdai. Mwaka wa 1983 dadake akampa figo moja. Aliaga 15 Agosti 1994, akiwa na miaka 61.

So msee wa chapo nane, jibu ni hili. Ukiwa mwembamba na unaanza, msosi zaidi unasaidia kweli, kwa sababu msuli haujengwi na hewa. Lakini mafuta hayageuki kuwa msuli. Msuli hukua polepole, na chakula kinachozidi kazi unayofanya kinakaa tumboni kama abiria asiyelipa. Anderson alikula, lakini pia aliongeza mzigo na kujaza lile shimo wiki baada ya wiki.

Hata sisi tunajua hii. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi kutoka Seoul 1988 akipigana uzani wa kilo 67, na waliokula ngumi zake hawakuuliza mizani inasema nini.

Kwa hivyo ukipima kilo zako mwezi huu, pima pia kile chuma unachoinua. Kama tumbo ndilo linakua na chuma ni kile kile cha Januari, boss, punguza chapo.