Mwenda Jean-Bosco, muzee asiyekaa tu kitini

Mwaka 1952 Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi hapa Likasi, wakati ule Jadotville, akamkuta kijana anapiga gita kwa vidole viwili tu, kidole gumba na cha shahada. Njo vile wimbo Masanga ulitoka mujini mwetu ukafika mbali.

Lakini gita peke yake halilishi jamaa. Mwenda, mwana wa Bunkeya aliyezaliwa 1930, alifanya kazi ya banki hapa hapa, kisha ya biro Gécamines kule Lubumbashi. Baadaye akawa na hoteli yake Sakania, karibu na mpaka wa Zambia. Gita za umeme zilikuwa zimekwisha kuteka mabaa yote, na wengine wangeridhika kuhesabu wageni wa hoteli.

Yeye hapana. Mwaka 1982 alienda kupiga Ujerumani. Mwaka 1988, karibu miaka 60, akafika Cape Town na kurekodi tena nyimbo za ujana wake, safari hii kwa jina la nyumbani: Mwenda wa Bayeke. Miaka miwili baadaye, ajali ya gari ikamuua.