Mwalimu Nyerere na deni la kijana msomi

BARABARA itokayo Mikumi kuelekea Ifakara hupita Kidodi kabla ya kuvuka Mto Ruaha Mkuu na kuingia Kidatu. Upande wa kulia wa msafiri huinuka milima ya Vidunda, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ambako Wavidunda wamelima miteremkoni kwa vizazi vingi. Nchi ilipopata uhuru Desemba 9, 1961, maeneo ya aina hiyo ndiyo yaliyokuwa sura halisi ya Tanganyika: wakulima wengi, shule chache, na kijana aliyebahatika kufika sekondari akihesabika kwa vidole.

Kijana huyo ndiye aliyemshughulisha Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Akishamaliza masomo, atawafanyia nini wale waliobaki mlimani, ambao jasho lao ndilo lililomsomesha? Na je, utumishi huo aombwe, ashawishiwe, au aamriwe? Mwalimu alijaribu njia zote tatu kwa nyakati tofauti, na matokeo yake hayakufanana.

Nyerere mwenyewe alikuwa mmoja wa hao waliobahatika. Alizaliwa Butiama, karibu na Ziwa Victoria, Aprili 13, 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12, umri ambao leo mtoto hukaribia kumaliza shule ya msingi. Kutoka hapo alikwenda Shule ya Serikali ya Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere, Uganda, kusomea ualimu.

Aliporejea alikuwa na nafasi mbili za kufundisha mjini Tabora: moja katika shule ya serikali na nyingine katika shule ya misheni ya St. Mary's. Alichagua ya pili ijapokuwa mshahara wake ulikuwa mdogo zaidi. Baada ya saa za kazi aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mji huo bila malipo. Hakuna sheria iliyomtaka afanye hivyo, na ni vyema msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa sababu miaka 20 baadaye mtu huyu huyu ndiye aliyeweka sheria.

Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi, akarudi mwaka 1952 na shahada. Alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na Julai 7, 1954 akawa rais wa kwanza wa TANU. Mwaka uliofuata ilibidi achague kati ya siasa na ualimu. Aliacha kazi, akapoteza mshahara, wakati tayari alikuwa na mke na familia changa. Jina la Mwalimu halikumwacha.

Uhuru ulipopatikana alishangaza wengi. Januari 1962, wiki chache tu baada ya kuwa Waziri Mkuu wa nchi huru, alijiuzulu na kumwachia Rashidi Kawawa nafasi hiyo ili azunguke nchini kukijenga chama. Alirudi serikalini kama Rais Desemba mwaka huohuo. Katika mwaka huo wa 1962, mkutano wa Umoja wa Vijana wa TANU uliofanyika Tabora ulitoa wazo la kuwa na jeshi la vijana wa kujenga taifa. Baraza la Mawaziri lililikubali, na Julai 10, 1963 Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, likaanzishwa.

Mwanzoni JKT lilikuwa la kujitolea. Waliojiunga walikuwa zaidi vijana wa kawaida, wengi wao wasio na elimu kubwa, waliokwenda kulima, kufyeka mapori na kujifunza nidhamu. Mwaka 1964, baada ya maasi ya wanajeshi wa Tanganyika Rifles mwezi Januari, serikali iliunda jeshi jipya na ikawatazama vijana wa chama na wa JKT kama watu wa kuaminika. Waliokosekana katika kambi hizo walikuwa wale waliosoma zaidi.

Serikali ikaamua kuwaingiza kwa sheria. Mwaka 1966 ilipendekezwa kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita walitumikie taifa kwa miaka miwili, sehemu kambini na sehemu kubwa katika kazi zao za taaluma, wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangeupata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiitwa Chuo Kikuu Kishiriki, kilikuwa na umri wa miaka mitano. Wanafunzi wake walikwisha kuhamia Mlimani, katika majengo mapya na mazuri kuliko karibu yote ambayo wazazi wao walipata kuyaona.

Oktoba 22, 1966 mamia ya wanafunzi waliandamana hadi Ikulu, wengine wakiwa wamevaa majoho yao ya chuo. Walibeba mabango, na mojawapo lilidai kwamba maisha yalikuwa bora enzi za ukoloni. Katika tamko lao walieleza kwamba hawangekubali mpango huo rohoni hata wakilazimishwa, na wakahoji kwa nini wao wakatwe ilhali viongozi wa serikali waliendelea kupata mishahara minono.

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. Kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Kuhusu lugha ya dharau hakuwa na subira. Kuhusu mishahara, hata hivyo, alikiri kwamba wana hoja. Palepale alitangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20, na viongozi wengine wa ngazi za juu nao wakakatwa. Wanafunzi karibu 400 walifukuzwa na kurudishwa makwao chini ya ulinzi.

Tukio hilo kwa kawaida husimuliwa kama ushindi wa Rais dhidi ya vijana wenye majivuno. Ni kweli kwamba kulikuwa na majivuno. Lakini hoja yao kuhusu viongozi ilikuwa ya haki, na haikupotea bure. Februari 5, 1967, kiasi cha miezi mitatu na nusu tu baadaye, Azimio la Arusha lilitangazwa, na ndani yake kulikuwa na masharti ya uongozi yaliyowakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Machi 1967 ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Wengi wa waliofukuzwa walirejeshwa chuoni mwaka huohuo, na baadhi yao walikuja kushika nyadhifa kubwa nchini.

Msingi wa waraka huo ulikuwa rahisi. Mwalimu alimfananisha msomi na mtu ambaye kijiji chenye njaa kimempa akiba yake yote ya chakula ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta kingine. Asiporudi, amewasaliti. Kwa sababu hiyo shule zilitakiwa kuwa na mashamba, mifugo na karakana, na mwanafunzi ajione sehemu ya wakulima, si mkimbizi kutoka kwao. Utekelezaji ulikwenda kombo mahali pengi. Shamba la shule likageuka adhabu kwa wachelewaji, au mazao yakaliwa na walimu. Mtoto wa mkulima, ambaye jembe alilijua tangu utotoni, hakuona alichofundishwa.

Kazi zilizoonekana kwa macho zilieleweka upesi zaidi. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita Kidatu, jirani na milima ya Vidunda, na vijana wa JKT walikuwa miongoni mwa Watanzania walioijenga kwa msaada wa Wachina. Kijana aliyebeba zege hapo hakuhitaji hotuba kuelezwa kazi yake ina faida gani.

Upande wa giza nao ulikuwapo. Novemba 1973 Mwalimu alitamka kwamba kuishi katika vijiji kumekuwa amri, na operesheni za kuhamisha watu zikaenea nchi nzima. Mgambo, wengi wao vijana, walitumiwa kusimamia uhamisho huo, na kuna mahali nyumba zilichomwa moto ili wenyewe wasirudi. Waliofundishwa kwamba wanawatumikia wakulima walijikuta wakiwaswaga.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilileta mambo mawili. La kwanza lilikuwa sharti kwamba mhitimu wa sekondari afanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, na apate mapendekezo ya mahali pake pa kazi. Sharti hilo halikudumu. Wasichana walisamehewa mapema kwa sababu idadi yao chuoni ilishuka, na baadaye likalegezwa kwa wote.

La pili ndilo lililoacha alama. Musoma iliamua kwamba ifikapo mwishoni mwa mwaka 1977 kila mtoto wa rika la shule aandikishwe. Walimu hawakuwapo. Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa muda huo hata kidogo. Serikali ikawachukua vijana waliomaliza darasa la saba na kuwapa madarasa ya kufundisha vijijini, huku wao wenyewe wakisomea ualimu kwa muda wa miaka mitatu kwa njia ya posta, redio na waratibu waliowazungukia. Makumi ya maelfu walipita katika mpango huo uliofahamika kwa kifupi kama UPE.

Walidharauliwa. Mitaani kifupisho hicho kilifanyiwa mzaha kwamba maana yake ni ualimu pasipo elimu, na wataalamu walilalamikia kushuka kwa viwango, malalamiko ambayo hayakuwa ya uongo. Lakini kijana wa miaka 17 au 18 anayefundisha kusoma kijijini, miongoni mwa watu anaowajua kwa majina, alikuwa akifanya kile ambacho msomi wa Mlimani aliandamana kukikataa. Hakupelekwa kambini kwanza ili afundishwe kuwapenda wananchi. Alipewa kazi iliyohitajika, chaki na kitabu cha mwongozo. Jioni wengine walifundisha watu wazima katika kampeni ya kisomo ambayo Mwalimu aliizindua mwaka 1970. Kwa takwimu za serikali, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, na kufikia mwaka 1986 walikuwa chini ya asilimia 10.

Mwalimu na wanafunzi wa chuo kikuu waligongana tena Machi 5, 1978. Safari hii wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya mawaziri na wabunge. Kwa maneno mengine, walikuwa wakitetea yaleyale ambayo Rais aliyafanya mbele ya waandamanaji wa mwaka 1966 alipoukata mshahara wake. Walipigwa mabomu ya machozi, na mamia wakafukuzwa. Wapo wanaoliona tukio hilo kuwa moja ya makosa yake makubwa kwa vijana, na ni vigumu kubishana nao. Somo lilikuwa limeeleweka, na walioelewa ndio walioadhibiwa.

Aliondoka madarakani Novemba 1985 kwa hiari yake, akabaki mwenyekiti wa CCM hadi mwaka 1990, na muda wake mwingi akauishi Butiama akilima. Mwaka 1994 serikali ilisitisha mafunzo ya JKT ya lazima kwa wahitimu, sababu kubwa ikiwa gharama. Yalirejeshwa mwaka 2013, safari hii kwa muda mfupi zaidi na kwa vijana wa kidato cha sita.

Mwalimu hakuyaona hayo. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999 katika Hospitali ya St. Thomas, London, akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa Butiama siku tisa baadaye. Wakati huo, katika shule nyingi za vijijini, baadhi ya walimu walikuwa bado wale vijana wa darasa la saba wa miaka ya 1970.