Gustaf Dalman na Picha za Nchi ya Jangwa

Mwezi huu twapenda kuwapa wasomaji wetu habari za mwanachuoni wa Kijerumani, Gustaf Dalman. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1855 mjini Niesky, kati ya Ndugu wa Moravia, wale ambao wamisioni wao walifika Rungwe mwaka 1891. Alijifunza sana Kiebrania na Kiaramu, kisha akafundisha Leipzig, na vitabu vyake juu ya lugha hizo vikampatia sifa kubwa.

Lakini maneno ya vitabuni hayakumtosha. Mtu aweza kusoma habari za jembe, za kinu na za hema maisha yake yote, asijue vilivyo. Kwa hiyo mwaka 1899 alisafiri kwenda Shamu na Palestina, akakaa na wakulima na wachungaji, akaziandika nyimbo zao. Nazo zikachapwa mwaka 1901. Mwaka uliofuata akawekwa kuwa mkuu wa chuo cha Waprotestanti wa Kijerumani huko Yerusalemu, akawa akiwaongoza wanafunzi wake kwa farasi kupita milimani na jangwani.

Alifika Petra pia, mji ambao Wanabateo waliuchonga katika miamba, mashariki ya bonde la Araba. Mwaka 1908 alitoa kitabu kikubwa chenye picha nyingi za mahali pa ibada pa mji huo, kila mahali pametiwa namba yake. Na wachunguzi wa leo wangali wakizitumia namba hizo. Hata hivyo sisi twazipenda zaidi picha za kazi za watu: ng'ombe wakikokota jembe, nafaka ikipurwa uwanjani, wanawake wakisokota nyuzi, na hema nyeusi za manyoya ya mbuzi. Twaona kwamba katika watu hao alitafuta mno desturi za kale, kana kwamba wao wenyewe hawakuwa na siku zao. Lakini jicho lake halikupuuza kitu, wala kamba wala kijiti.

Mwaka 1914 alikuwa Ujerumani kwa likizo vita vilipoanza, wala hakupata kurudi kukiongoza chuo chake. Tangu mwaka 1917 akawa mwalimu huko Greifswald, mbali na nchi aliyoipenda. Na hapo ndipo lilipotokea jambo la ajabu. Katika miaka ya 1917 na 1918 marubani wa Kibavaria, waliotumwa kuwasaidia Waturuki, walikuwa wamepiga picha nyingi za Palestina kutoka katika eropleni, ili kujua majeshi ya Waingereza yalipo na mizinga ielekezwe wapi. Zilikuwa picha za kuua. Vita vilipokwisha, Dalman alichagua mia kati yake, akazieleza moja moja, akazitoa kitabuni mwaka 1925. Mahali ambapo askari alitafuta mahandaki, yeye alionyesha njia, mabonde, mashamba na miji. Kutoka juu mtu aweza kuona yale ambayo mpanda farasi hayaoni kwa mara moja: jinsi upande wa magharibi wa milima ya Yudea upatavyo mvua na kulimwa, na jinsi upande wa mashariki, ukishuka kwenye Bahari ya Chumvi, ulivyo mkavu na kuwa malisho tu ya mbuzi na kondoo.

Kisha akaanza kazi yake kubwa kuliko zote, juu ya kazi na desturi za Palestina. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1928, naye alikuwa amepita miaka sabini. Vikafuata vya kilimo, vya mavuno na unga, vya mkate, mafuta na divai, vya kufuma nguo, na cha sita, mwaka 1939, cha maisha ya hema na mifugo. Alikufa Herrnhut tarehe 19 Agosti 1941. Cha saba kilichapwa mwaka 1942.

Maelfu ya picha alizozikusanya yamewekwa Greifswald, katika chuo kiitwacho kwa jina lake. Pengi palipokuwa na mashamba na malisho sasa pana nyumba na barabara, na atakaye kujua palilimwaje zamani hana budi kuzitazama.