Emmett Dalton: Jambazi aliyepona majeraha 23 ya risasi, akaja kujiigiza kwenye filamu

Asubuhi ya Oktoba 5, 1892, majambazi watano waliingia mji wa Coffeyville, Kansas, nchini Marekani. Aliyepona ni mmoja tu: Emmett Dalton, kijana wa miaka 21, mwili ukiwa na majeraha 23 ya risasi.

Ajabu ni kwamba familia hii ilianzia upande wa sheria. Kaka yake Frank alikuwa askari wa serikali ya shirikisho na aliuawa kazini mwaka 1887. Kaka zake wengine, Bob na Grat, nao walivaa beji kabla ya kugeukia wizi wa farasi na uporaji wa treni.

Siku hiyo walitaka kuvunja rekodi: kupora benki mbili kwa mpigo, tena kwenye mji ambako sura zao zilijulikana! Wakabandika ndevu bandia. Wapi! Walitambuliwa barabarani, habari zikasambaa.

Katika benki ya Condon, keshia alimdanganya Grat kwamba sefu inafunguka kwa saa maalumu na muda bado. Grat akakubali kusubiri. Dakika hizo chache ziliwatosha wenyeji kukimbilia bunduki kwenye duka la vifaa la jirani.

Mapigano hayakufika hata robo saa. Bob, Grat, Bill Power na Dick Broadwell walikufa. Wenyeji wanne nao walipoteza maisha, akiwemo Charles Connelly, mkuu wa polisi wa mji.

Emmett alishapanda farasi, na angeweza kutoroka. Lakini aligeuza, akarudi kumchukua Bob aliyekuwa amelala chini. Alipoinama kumshika mkono, kinyozi Carey Seaman akammiminia risasi za mgongoni.

Alihukumiwa kifungo cha maisha katika gereza la Lansing, akasamehewa mwaka 1907 baada ya kutumikia miaka 14. Akaoa, akahamia California, akafanya biashara ya nyumba na kuingia kwenye filamu. Mwaka 1918 alitokea katika Beyond the Law, akijiigiza mwenyewe, huku akizunguka kuwaambia watu kwamba ujambazi haulipi. Kwake yeye, tuseme ukweli, ulianza kulipa alipouacha.

Mwaka 1931 alitoa kitabu, When the Daltons Rode, na mwaka huohuo akarudi Coffeyville kuitazama mitaa ile na kaburi la kaka zake.

Alifariki Los Angeles Julai 13, 1937, akiwa na miaka 66. Miaka mitatu baadaye ikatoka filamu ya Universal yenye jina la kitabu chake. Staa wake, Randolph Scott, alicheza wakili ambaye hakuwepo kabisa kwenye historia ya genge hilo. Emmett aliigizwa na Frank Albertson. Safari hii mwenyewe hakuwepo kuwasahihisha.