Louis Armstrong: Albamu aliyompa heshima mzee kipofu, na mwimbaji aliyebaki Freetown

Julai 1954, Chicago. Louis Armstrong na bendi yake ya All Stars wanaingia studio kurekodi albamu nzima, na humo ndani hakuna wimbo hata mmoja alioutunga yeye. Zote ni kazi za W.C. Handy, mzee wa miaka 80 ambaye macho yake hayaoni tena, mtu aliyeipa dunia St. Louis Blues mwaka 1914.

Mzee Handy aliwahi kuisikiliza albamu hiyo akiwa hai. Si jambo dogo. Wanamuziki wengi heshima zao huwafikia wakiwa tayari wamezikwa.

Kazi hiyo, Louis Armstrong Plays W.C. Handy, ilisimamiwa na prodyuza George Avakian wa kampuni ya Columbia. Inafunguliwa na St. Louis Blues yenye karibu dakika tisa, na kwenye maikrofoni Armstrong hayuko peke yake. Anapokezana na mwanamama mwenye mwili mkubwa na sauti ya uchangamfu, Velma Middleton.

Wimbo wenyewe haukuwa mgeni kwake. Mwaka 1925 alishaupiga nyuma ya Bessie Smith, wakati huo akiwa kijana wa miaka 23 anayejitafutia jina.

Bastola ya mkesha wa mwaka mpya

Armstrong alizaliwa Agosti 4, 1901, New Orleans, kwenye mtaa wenye vurugu kiasi kwamba watu waliuita Uwanja wa Vita. Yeye mwenyewe maisha yake yote alisema alizaliwa Julai 4, 1900, siku ya uhuru wa Marekani. Kumbukumbu ya ubatizo wake ilikuja kupatikana miaka mingi baada ya kifo chake ndipo watu wakajua ukweli.

Baba aliondoka mapema. Mama yake, Mayann, alihangaika na vibarua. Mtoto naye akaingia kazini, akizunguka na mkokoteni wa familia ya Kiyahudi ya akina Karnofsky, wahamiaji kutoka Lithuania, kukusanya chakavu na kuuza makaa ya mawe. Kwenye mkokoteni huo alikuwa akipuliza kitarumbeta cha bati ili kuwaita wateja.

Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani kusherehekea. Polisi wakamdaka. Akapelekwa kwenye kituo cha kurekebisha tabia za watoto weusi, ambako kulikuwa na bendi na mwalimu mmoja, Peter Davis, aliyemkabidhi koneti, ndugu mfupi wa tarumbeta. Alipotoka mwaka 1914 alikuwa anajua anataka nini.

Mtu aliyemshika mkono baada ya hapo ni Joe Oliver, aliyejulikana kama King Oliver, fundi wa koneti aliyeheshimika mji mzima. Alimfundisha, akampa koneti yake ya zamani, na dogo akawa anamwita Papa Joe. Mwaka 1922 Oliver, akiwa amehamia Chicago, akamtumia wito wa kujiunga na bendi yake. Armstrong akapanda treni.

Walipoenda kurekodi kwa mara ya kwanza Aprili 1923, mpulizo wa Armstrong ulikuwa mkubwa mno kiasi kwamba inasimuliwa alisogezwa mbali na wenzake ili asimfunike mwalimu wake. Mpiga piano wa bendi, Lil Hardin, aliliona hilo mapema kuliko yeye. Walioana mwaka 1924, na ni Lil aliyemsukuma aondoke kivulini. Bila Lil huenda jamaa angezeeka akiwa mpulizaji wa pili.

Kati ya 1925 na 1928 alirekodi nyimbo na vikundi vyake vya Hot Five na Hot Seven. Hapo ndipo jazz ilipobadilika. Kabla yake bendi ilipuliza kwa pamoja, kila mtu akisukana na mwenzake. Yeye akaonyesha kwamba mtu mmoja anaweza kusimama mbele na kusimulia habari nzima kwa tarumbeta. Na kwenye Heebie Jeebies ya 1926 akaimba kwa sauti zisizo na maneno, akiichezesha sauti yake kama chombo.

Wimbo wake uliosifiwa kuliko zote wa kipindi hicho ni West End Blues wa 1928. Mtunzi wake? King Oliver.

Kibanda cha mbogamboga

Sasa hapa kuna jambo ambalo linaifanya albamu ya 1954 isiwe biashara tu.

King Oliver aliugua ufizi, meno yakamtoka, na mpuliza koneti bila meno ni kama dereva bila usukani. Kazi zikakauka. Mwaka 1937 Armstrong, ambaye tayari alikuwa staa, alipita Savannah, Georgia, na bendi yake. Akamkuta Papa Joe anauza viazi na nyanya kwenye kibanda barabarani.

Armstrong na wenzake walitoa fedha walizokuwa nazo mfukoni wakampa. Usiku huo mzee akatokea kwenye onyesho amevaa vizuri, anatabasamu. Mwaka uliofuata alifariki dunia hukohuko Savannah, akiwa mfagiaji kwenye ukumbi wa kuchezea pool. Armstrong aliisimulia habari hii kwa miaka mingi.

Kwa hiyo alipokaa studio kupiga nyimbo za Handy, mzee akiwa bado anaweza kuzisikia, alikuwa anafanya kile ambacho Oliver hakukipata. Mwaka 1955 akarudia, safari hii kwa nyimbo za Fats Waller, rafiki aliyefariki mwaka 1943.

Velma hakupendwa na wahakiki. Walimsema kwa uzito wake na kwa vichekesho vyake, maana jukwaani alikuwa anapasua miguu mpaka chini na ukumbi mzima unalipuka. Armstrong hakuwajali. Alikuwa naye tangu 1942 na alimpa nafasi kwenye kila onyesho. Ukiisikiliza albamu ya Handy unaelewa sababu: anamjibu mstari kwa mstari, kama watu wawili wanaotaniana barazani.

Tabasamu na hasira

Lakini miaka hiyohiyo vijana walikuwa wameanza kumchoka. Wapuliza tarumbeta wa kizazi kipya kama Dizzy Gillespie na Miles Davis walikerwa na lile tabasamu la meno yote mbele ya Wazungu. Walimwona mtu wa kujipendekeza.

Septemba 1957 mambo yakageuka. Gavana wa Arkansas alitumia askari kuwazuia wanafunzi tisa weusi kuingia shule moja ya Little Rock. Armstrong, akiwa hotelini Grand Forks, North Dakota, alimfungukia mwandishi chipukizi wa gazeti la huko: alimtukana gavana, akasema Rais Eisenhower hana ujasiri, na akatangaza kwamba hataenda Umoja wa Kisovieti kuiwakilisha serikali. Meneja wake wa ziara alijaribu kupoza habari. Armstrong akasema kila neno ni lake. Siku chache baadaye Eisenhower alipeleka jeshi kuwalinda wale watoto.

Gharama ilikuwepo. Palikuwa na miito ya kususia maonyesho yake, na wanamuziki wengi weusi waliokuwa wakimsema hawakutokea kumtetea.

Léopoldville, Nairobi, Freetown

Oktoba 1960 alitua Afrika kwa ziara ndefu iliyodhaminiwa na Pepsi-Cola pamoja na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Léopoldville, Kinshasa ya leo, walimbeba juu juu kwenye kiti kama mfalme. Mji ule ulikuwa na African Jazz na OK Jazz, bendi zilizokuwa zimejipa jina la muziki wake zamani kabla hajafika.

Wakati umati unamshangilia, Patrice Lumumba alikuwa kizuizini nyumbani kwake katika mji huohuo. Armstrong alipiga pia Elisabethville, Lubumbashi ya sasa, ndani ya Katanga iliyojitenga. Filamu ya Soundtrack to a Coup d'Etat ya mwaka 2024 inaonyesha namna Marekani ilivyotumia wanamuziki kama yeye kuwa pazia la mambo mengine. Mtu aliyegoma kwenda Moscow kwa niaba ya serikali akajikuta anatumiwa Kongo.

Ziara ilipita Nairobi na miji mingine mingi. Januari 1961 wakiwa Sierra Leone, Velma alipata kiharusi. Ratiba ilikuwa imeshapangwa, bendi ikaendelea na safari, yeye akabaki hospitalini Freetown. Alifariki huko Februari, akiwa na miaka 43, mbali na kila mtu aliyeimba naye kwa karibu miaka 20. Armstrong, aliyewakumbuka wazee wake kwa albamu nzima, hakuwahi kumtengenezea Velma ya kwake.

Kazi haikusimama. Mwaka 1964, akiwa na miaka 62, Hello, Dolly! iliwaondoa Beatles kwenye namba moja Marekani. What a Wonderful World ya 1967 ilishika namba moja Uingereza, huku kwao Marekani ikidoda mpaka filamu moja ilipoifufua miaka ya 1980.

Mei 1970 afya ilikuwa mbaya, madaktari wamemkataza tarumbeta. Akaitwa studio New York kurekodi albamu ya kumpongeza kwa miaka 70 ambayo yeye aliamini anatimiza. Aliimba tu. Kwenye We Shall Overcome waliitwa wageni kuwa kwaya, wakasimama nyuma yake. Tony Bennett alikuwemo. Ornette Coleman alikuwemo. Na Miles Davis, yule aliyekerwa na tabasamu, naye alikuwemo, bila tarumbeta, anamwitikia mzee.

Armstrong alifariki usingizini nyumbani kwake Corona, Queens, Julai 6, 1971. Nyumba hiyo sasa ni makumbusho. Velma yupo kwenye albamu ya Handy: wimbo wa kwanza, baada ya tarumbeta.