Imamu Ghazali na Ukuu wa Madrasa

Ndugu msomaji, hapa Kipini, mto Tana unapoingia baharini, kama ilivyo katika miji mingine ya pwani, madrasa ikosapo mkuu watu huuliza jambo moja tu: ni nani aliyesoma zaidi? Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi. Liko la pili, nalo humpasa mwenye kuitwa ajiulize mwenyewe: je, nakitaka cheo hiki kwa ajili ya nani? Tutazame maisha ya Imamu Abu Hamid al-Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyeitwa mara tatu.

Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasani, mwaka 450 wa Hijria (1058). Yasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini, msokota sufi, aliyewausia wanawe wawili kwa rafiki yake kabla ya kufa. Akiba ilipokwisha, mlezi huyo aliwashauri waingie madrasa ili wapate chakula. Baadaye Ghazali alisoma Nishapur kwa Imamu al-Haramain al-Juwaini hadi mwalimu huyo alipofariki mwaka 478 (1085), kisha akajiunga na baraza la waziri Nidhamul-Mulk, walikojadiliana wanazuoni wakubwa.

Mwito wa kwanza ulikuja mwaka 484 (1091). Waziri alimweka kuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, madrasa iliyofunguliwa mwaka 459 (1067), naye hajafikia hata miaka thelathini na mitano. Alisomesha wanafunzi mia tatu, na sifa zake zikaenea. Kwa elimu hapakuwa na wa kumtia ila.

Lakini alipoichunguza nia yake, aliona kuwa kinachomsukuma ni kutafuta jaha na jina. Tangu Rajab mwaka 488 (1095) alikaa kiasi cha miezi sita akivutwa huku na huku: leo aazimia kuondoka, kesho azimio lavunjika. Mwishowe ulimi wake ulifungika, asiweze kusomesha. Chakula kikamshinda, na matabibu wakakata tamaa. Ndipo alipoacha cheo. Hakukiacha ovyo: alimweka nduguye Ahmad asomeshe mahali pake, akatenga mali ya kuwatosha watoto wake, na iliyobaki akaigawa. Akaenda Sham, Baitul-Maqdis na Makka. Penye kaburi la Nabii Ibrahim, huko al-Khalil, aliweka nadhiri kuwa hataingia kwa wafalme, hatapokea mali yao, wala hatafanya mijadala ya kushindana. Katika miaka hiyo ya kujitenga ndipo alipotunga kitabu chake Ihya Ulumid-Din.

Mwito wa pili ulikuja baada ya miaka kumi na moja. Mwaka 499 (1106) Fakhrul-Mulk, mwana wa Nidhamul-Mulk, alimtaka asomeshe Nidhamiya ya Nishapur. Aliwashauri watu wema, akajihoji kama kukaa kwake faraghani si uvivu na kupenda raha huku imani za watu zaharibika, kisha akakubali. Alieleza kuwa zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha, na sasa alifundisha ya kuiachia jaha. Hata hivyo hakujidai kuwa nafsi yake imekwisha kutakasika.

Mwito wa tatu ulimkuta Tus, alikorejea. Mwalimu mkuu wa Baghdad alipokufa mwaka 504 (1110), aliombwa akishike tena kiti kile cha kwanza. Alikataa. Alitaja wanafunzi wake wapatao mia na hamsini ambao wangetaabika kumfuata, na nadhiri yake, ambayo Baghdad isingemwezekania kuitimiza. Alifariki Tus, Jumadal-Akhira mwaka 505 (Desemba 1111).

Basi tuangalie: elimu yake ilitosha mara zote tatu. Kilichobadilika ni nia yake na haja ya watu. Mtu akiitwa kuongoza chuo, naajihoji: nisipopewa jina wala mshahara mkubwa, kazi hii ningeitaka? Nikienda, ni nani nitakayemwacha bila mwalimu? Na siku nikiona imenishinda, nitaweza kuikabidhi kwa amani? Na sisi tuchaguao tusimharakishe mtu kujibu, wala tusimdharau akikataa. Huenda kukataa kwake ndiko kuilinda madrasa. Mwenyezi Mungu atutengenezee nia zetu. Amin.