Barbara Woodhouse: mama aliyefundisha imbwa kwa sauti, bila nyama

Hapa Kolwezi watu wengi wanasema imbwa hafundishwe kama hauna nyama. Lakini jamaa inayotafuta bukari ya mangaribi itatosha wapi nyama ya imbwa? Basi mutoto wa imbwa anafungwa ku mulango wa parsele, anapigwa fimbo, anakomea na woga, kiisha siku moja anauma mutoto wa jirani. Leo tunawaletea maisha ya mama moja aliyeonyesha njia ingine.

Barbara Woodhouse alizaliwa mwaka wa 1910 karibu na Dublin, mu Ireland. Baba yake aliongoza masomo. Alikufa wakati Barbara angali mutoto, na jamaa ikahamia Uingereza. Mu miaka ya 1930 alienda Argentina kufundisha farasi. Kule alijifunza kwa mutu wa kabila la Guarani namna ya kukaribia farasi mukali: kumupumulia polepole ku pua mupaka atulie.

Mwaka wa 1940 aliolewa na munganga Michael Woodhouse, wakazaa watoto watatu. Kule Uingereza alifungua mafunzo ya imbwa pamoja na wenyewe. Kwake, mara nyingi kosa haliko kwa imbwa, liko kwa mwenye imbwa asiyejua kumuambia vizuri. Mwaka wa 1980, alipofika miaka 70, televizio ya BBC ilipitisha mafunzo yake, na jina lake likasikika mupaka Marekani.

Hakupenda imbwa avutwe na kipande cha chakula. Neno lilikuwa fupi, lenye sauti ya wazi, na mukono ulionyesha maana yake. Unasema «Ikala», unasukuma kidogo matako ya imbwa chini. Akiikala tu, palepale unamusifu kwa sauti ya furaha na kumupapasa kifua. Imbwa anajifunza juu anataka kufurahisha mwenye kumuchunga.

Lakini si byote vyake vya kufuata. Alitumia munyororo unaokaza shingo na kuuvuta kwa nguvu. Wafundishaji wengi waliokuja nyuma walikatala jambo hilo, juu linaumiza na kuleta woga. Kwa mutoto wa imbwa, kamba laini inatosha.

Woodhouse alikufa mwaka wa 1988.

Mwenye kutaka kujaribu achague maneno matatu: «Ikala», «Kuya», «Bakia». Dakika tano, mara mbili kwa siku, zinatosha. Watu wote wa nyumba watumie neno lilelile, juu imbwa anayeambiwa «Kuya» na baba, kiisha neno lingine na watoto, atachanganyikiwa. Akikuja, hata kama amechelewa, musimupige: siku ingine hatakuja. Na imbwa mwenye kutii bado anahitaji chanjo ya kichaa cha imbwa. Utii hauzuie ugonjwa ule.